Mwezi wa Bakili

Mpendwa Mama Theopista, naomba unisaidie na unisome hadi mwisho ingawa barua ni ndefu, maana nimeficha jambo moja kwa miaka kumi na miwili, na jambo lenyewe ni hili: nilitoa ushahidi mbele ya wazee wa msikiti kwamba mwezi wa Idi haukuwepo, na kwa ushahidi wangu huo mtu mwingine akahesabiwa mwongo mpaka leo, na mimi sikuwa na uhakika wa nilichokisema.

Basi, nimeandika. Nilidhani nikishaiandika sentensi hiyo nitapumua, lakini bado sijapumua.

Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu miaka sabini na mmoja, nakaa Gerezani katika chumba cha uani cha nyumba ya marehemu dada yangu, na daktari ameniambia kwa upole kwamba moyo umechoka, nisipande ngazi, nisiinue ndoo, na nisiweke ahadi za mbali. Sina wa kumweleza. Imamu wetu wa sasa ni kijana niliyemfundisha kusoma, mke wangu ametangulia, na wanangu wananiheshimu kupita kiasi, kila nikifungua mdomo wanasema, "Baba, pumzika." Safu yako gazetini naisoma kila Jumapili, najua ulivyo mkali, ndiyo maana nimekuchagua wewe.

Kwa jina lako nadhani u Mkristo, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo. Mwezi wetu wa Ramadhani huwa na siku ishirini na tisa au thelathini, na jioni ya siku ya ishirini na tisa watu hutazama magharibi: mwezi mwandamo ukionekana, kesho yake ni Idi, ni siku ya kula, na kufunga siku hiyo ni haramu; usipoonekana, tunafunga siku moja zaidi. Utaratibu wa msikiti wetu enzi zile ulikuwa kwamba wazee wa kamati hawaukubali mwezi wa Idi mpaka wapate mashahidi wawili waaminifu waliouona kwa macho yao. Wawili. Mmoja hatoshi, hata awe nani.

Sasa twende Jumapili, tarehe ishirini na tisa Novemba, mwaka wa sabini. Zilikuwa mvua za vuli, mawingu siku ya nne mfululizo, na mimi nilikuwa najitolea kufundisha darasa la kisomo cha watu wazima katika jengo moja karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, na miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo Bakili, hamali wa sokoni Kariakoo, mzaliwa wa Maneromango, mtu wa miraba minne na mcheshi, aliyekuwa akibeba magunia ya vitunguu huku akiimba silabi nilizomfundisha, ba be bi bo bu, mpaka mahamali wenzake wakamwomba anyamaze. Nilimpenda, sitaki udhani vinginevyo. Siku ile darasa lilipokwisha tulitoka pamoja, tukawa tunavuka uwanja kuelekea Kariakoo, jua limeshazama, na upande wa Gerezani, juu ya mapaa ya karakana za reli, mawingu yakapasuka, upana wa leso tu, kwa muda wa dakika mbili labda, na Bakili akapiga kelele, "Ule pale! Idi mubarak, Mwalimu!" Nikatazama. Miwani yangu ilikuwa na ukungu wa mvua. Kulikuwa na kitu, lakini kitu gani, Mama, maana uzi mweupe kwenye ukingo wa wingu unaweza kuwa mwezi na unaweza kuwa ukingo wa wingu, na jicho linaloutamani mwezi huuona hata usipokuwepo. Hayo yamethibitishwa na wataalamu.

Hapa sina budi kukueleza habari ya kalenda. Mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza kalenda ya nyakati za sala iliyotundikwa ukutani katika maduka mengi ya mtaa wetu, kuanzia duka la vitambaa la Bwana Ubeid, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti, hadi kwa wauza kahawa wa barazani. Marehemu baba yangu, aliyetoka Hadhramaut, alinifundisha elimu ya nyota, na chuo cha ualimu kikanifundisha hesabu za kisasa, na watu walinisifu kwamba kalenda yangu haikuwahi kukosea. Mwaka ule niliandika kwa wino mwekundu kwamba Idi ni Jumanne, tarehe mosi Desemba, na chini yake, Mungu anisamehe majivuno yangu, nikaongeza kwamba jioni ya Jumapili mwezi utakuwa mchanga mno na hautaonekana kwa jicho la mwanadamu yeyote.

Basi baada ya sala ya magharibi tukaitwa. Bakili alikwisha kufika na kumweleza kila aliyemkuta akitawadha. Bwana Ubeid alikaa chini ya ile kalenda, maana msikitini nako ilikuwepo, akamwuliza:

"Umeuona wapi?"

"Pale Mnazi Mmoja, Sheikh, nikitazama huku Gerezani. Umelala chali, hivi," na Bakili akakunja kidole kuonyesha.

"Katika mawingu yote haya?"

"Yalifunguka."

"Yakakufungukia wewe tu? Una jamaa yako huko juu?"

Watu wakacheka, na Bakili naye akacheka, kwa kuwa hakujua bado kwamba anayechekwa ni yeye. Kisha akasema, "Si mimi tu, Sheikh. Nilikuwa na Mwalimu. Mwalimu ndiye aliyenionyesha."

Wote wakanigeukia. Bwana Ubeid akaipigapiga kalenda kwa kidole, akitabasamu, akasema, "Mwalimu, hapa umeandika hauonekani. Je, na mdomo wako unasemaje?"

Nikasema, "Mwezi haukuwepo."

Nataka uone kwamba sikusema sikuuona. Nilisema haukuwepo. Tofauti hiyo nimeitafuna usiku na mchana kwa miaka hii yote, maana la kwanza lingekuwa habari ya macho yangu na miwani yangu, na mtu angeweza kuniambia basi kafute miwani, lakini hili la pili lilikuwa hukumu juu ya mbingu.

Bakili akaniangalia, hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyetajiwa jina asilolijua. Akasema, "Mwalimu, si mimi Bakili? Si ulinyoosha mkono?" Akasema tena, "Mwalimu, ubaoni uliandika binadamu wote ni sawa. Nimeisoma mwenyewe." Mtu mmoja nyuma akasema, "Sawa ni sawa, lakini macho ya hamali yamejaa vitunguu," na msikiti mzima ukaangua kicheko, na Bwana Ubeid akatangaza kwamba kesho ni kufunga. Na kweli nilinyoosha mkono, sikatai, lakini mkono ulionyooshwa una maana nyingi, huenda nilikuwa namwonyesha lile wingu, na yeye akalichukua lile alilolitaka. Nani ajuaye leo?

Asubuhi ya Jumatatu sote tukaingia sokoni na midomo mikavu, isipokuwa Bakili. Yeye alijua ameuona mwezi, na dini inasema aliyeuona hafungi, hata akiwa peke yake, ila ale kwa siri asiwavunje watu moyo. Akajificha nyuma ya magunia ya vitunguu na kikombe chake cha bati cha chai na andazi moja, na mteja mmoja akavuta gunia. Mama, nisikuchoshe. Walimpiga makofi, wakamfunga kile kikombe shingoni kwa kamba ya katani, wakamzungusha soko zima, na kila kona watu walipiga makelele, "Mwezi huo! Bakili, leo umeona nini, nyota za mchana?" Mwishowe wakamleta barazani ninapoketi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wake, wakasema, "Mwalimu, mkanye mtu wako." Chai ilikuwa imemwagikia shati. Nami nikasimama, nikamwambia mbele ya watu wote, "Bakili, Mungu anakuona." Basi. Hayo tu. Akaniangalia, akasema, "Najua, Mwalimu," wakamwachia.

Jioni ile mbingu ikasafika, mwezi ukaonekana, mnene na uko juu, ukakaa muda mrefu kabla ya kutua, na watu wakaanza kunong'ona, "Huu si wa leo, huu ni wa jana." Nikaleta ubao wa kisomo barazani nikawachorea kwa chaki jua, dunia na mwezi, nikawathibitishia kwamba mwezi wa usiku wa kwanza nao huweza kuwa mnene kiasi kile. Wakashukuru. Wakasema elimu ni bahari. Bakili hakurudi tena darasani, ingawa alikuwa amebakiza kurasa nne tu kumaliza kitabu cha kwanza.

Tangu siku hiyo ushahidi wake haupokelewi mtaani kwetu. Akiona mwizi, haulizwi. Akishuhudia mapatano, wanatafuta mwingine. Watoto waliozaliwa baada ya siku ile wanamwita Bakili Mwezi bila kujua kwa nini. Na hivi majuzi limekuja hili lililonifanya nikuandikie: binti yake, Kijakazi, aliyekuwa na miaka saba wakati ule, amechumbiwa na fundi cherehani wa Mchikichini, kijana mzuri, na harusi imepangwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao. Sasa ami yake bwana harusi amesema kwamba katika madhehebu yetu baba anayemwozesha binti anatakiwa awe mtu mwadilifu, na mtu aliyeusingizia mwezi na kula mchana wa Ramadhani si mwadilifu, kwa hiyo Bakili akae kando siku ya ndoa ya mwanawe wa pekee, binti aozeshwe na mtu mwingine. Kamati imesema wazee wa kamati ya wakati ule wengi wamekufa, Bwana Ubeid naye ametangulia, shahidi aliyebaki ni Mwalimu, basi Mwalimu aseme kama Bakili anafaa au hafai, na atakalosema ndilo litakalofuatwa. Kwa mara ya pili, Mama, wamenigeukia mimi.

Nifanye nini? Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Upande mmoja najiambia kweli ni kweli, mwezi ama umeandama ama haukuandama, wala hauhitaji ruhusa ya kamati. Upande wa pili najiambia hapana, mwezi wa mbinguni ni kipande cha jiwe tu, unaokuwa mwezi wa Idi ni ule uliopokelewa na watu, na wanazuoni wenyewe wanasema Idi ni siku ambayo watu wote wanaiadhimisha, kwa hiyo siku ile ambayo wazee walisema si Idi haikuwa Idi, basi mimi sikumwongopea mtu, nilishiriki kuitengeneza kweli ya mtaa wetu, kama ambavyo hata mipaka ya mashamba na majina ya mitaa tumeyatengeneza wenyewe na tunaishi ndani yake. Na nikisema leo kwamba huenda uliandama, nitawafanya nini mamia ya watu waliofunga siku ya Idi kwa neno langu, ambao wengine wamo makaburini? Je, si vyema ukweli wa zamani uachwe ulivyozoeleka, na nitafute njia nyingine ya kumsaidia Bakili, kwa mfano nimwandikie ami huyo kwamba ametubu? Au niandike barua ifunguliwe nikishakufa? Kila mtu huona kwa macho yake. Naomba ushauri wako, nami nitaufuata nikiwahi.

Mwalimu mstaafu, Gerezani.

*

Shikamoo, Mwalimu. Heshima nimeitoa, sasa naomba nikuseme.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, nawe unastahili, maana kukaa na jambo kama hili miaka kumi na miwili na moyo mbovu si mchezo. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nilihesabu, na nimeona kwamba jina la Bakili umeliandika mara kumi na tano na la kwako hujaliandika hata mara moja.

Unaniuliza kama kweli iko mbinguni au imo vinywani mwa watu. Mimi nimezaliwa Machame. Mlima wetu hukaa hata wiki nzima ndani ya mawingu. Mgeni akija siku hizo akasema, "Mbona hakuna mlima?" hatumwiti mwongo, tunampa kiti tunamwambia asubiri. Lakini mwenyeji aliyeamka alfajiri akauona mlima umesimama na theluji yake, kisha akamwambia yule mgeni, "Hapa hapajawahi kuwa na mlima," huyo hatumwambii kwamba kila mtu huona kwa macho yake. Nafasi ya watu kufasiri ipo, Mwalimu, na ni kubwa. Wazee wako walikuwa na haki ya kusema kesho tunafunga, kwa ushahidi walioupata. Waliofunga walifunga kwa nia njema na hakuna wa kuwadai, wala makaburi yao usiyatumie kujikinga. Lakini usichanganye vitu viwili: uamuzi ulikuwa wa wazee, ushahidi ulikuwa wako. Wao walifasiri ulichowapa. Wewe ulifasiri nini? Kalenda?

Na unaniletea habari ya miwani na ukungu! Mtu mwenye miwani yenye ukungu husema, "Sikuona vizuri." Hasemi haukuwepo. Hilo umeliandika mwenyewe na ukaniomba nilione, nimeliona. Halafu huo mkono. Unasema mkono ulionyooshwa una maana nyingi. Mwalimu, nimelea watoto watano, na kila aliyekutwa na sukari mdomoni aliniambia maneno ya namna hiyo.

Nisingejua zaidi ya hapo kama si Mauza, binti anayepiga chapa safu hii kwa taipureta hapa ofisini, Mwislamu wa kufunga na kuswali. Alikuwa anapiga barua yako, mara akaacha, akaniita. "Mama, huyu mzee mjanja."

"Kwa nini?"

"Hebu tazama hapa. Anasema sote tukaingia sokoni na midomo mikavu. Anasema aliyeuona hafungi. Ya Bakili yote katueleza, mpaka andazi. Mbona hasemi yeye kama alifunga?"

Nikamwambia labda amesahau kuandika. Mauza akacheka, akasema, "Mwalimu wa kalenda? Asahau?"

Basi nakuuliza, na hilo ndilo swali langu pekee, wala si la falsafa: Jumatatu ile, wewe, ulifunga?

Ushauri wangu ni huu na sitaki kuulizwa mara mbili. Usiende kwa kamati kwanza, wala kwa ami yake bwana harusi. Nenda kwa Bakili, kwa miguu yako ikikuwezesha, mchana, watu wakiona. Ukifika usimchoree jua na dunia. Mwambie ulichokiona Jumapili ile kwa maneno yasiyozidi mstari mmoja, kisha nyamaza umsikilize, hata akikutukana. Baada ya hapo simama msikitini Ijumaa kabla ya harusi, useme mstari uleule bila kuongeza "huenda". Barua ya kuandika kwamba Bakili ametubu ichane, kwani hana alichotubia, utakuwa umemwongopea mara ya pili na safari hii kwa maandishi. Na barua ya kufunguliwa ukishakufa ichane pia. Bakili ana maswali, na maiti haulizwi. Kijakazi anaolewa mwezi ujao, na baba yake yuko hai, na wewe bado u hai. Ratiba hiyo usiipoteze.

Pole kwa ugonjwa. Nakuombea nguvu za kufika mlangoni kwake.

Mama Theopista.

*

Mama Theopista, jina langu ni Muhiddin bin Salim Bawazir. Lichape.

Nilitoka Jumatano saa nne asubuhi na bakora, nikafika kona ya pili, pumzi zikaniishia, nikakaa juu ya kreti la soda mbele ya duka la vipuri. Watu wakakusanyika, na mmoja akaenda kumwita hamali, na hamali aliyekuja na mkokoteni alikuwa yeye mwenyewe, mvi zimemjaa, mabega bado yaleyale. Akanipakia bila kuuliza niendako. Akasema, "Mwalimu umekuwa mwepesi, vitunguu vina afadhali."

Nikamwambia, "Nilikuwa nakuja kwako." Akasema, "Basi umefika."

Nikamwambia pale pale juu ya mkokoteni, na vijana wa vipuri wakisikia, "Bakili, mwezi niliuona, na mimi ndiye niliyeuona kwanza nikakuonyesha kwa kidole."

Akasema, "Unaniambia mimi? Nilikuwepo."

Alisukuma. Tulipofika mlangoni kwangu akanishusha, akanifuta vumbi la kanzu, ndipo akauliza, "Kwa nini, Mwalimu?" Nikamwambia, "Kalenda." Akafikiri, kisha akacheka kicheko ambacho sikukipenda, akasema, "Kile kikaratasi?" Akageuza mkokoteni akaondoka.

Ijumaa wanangu walinishika huku na huku, nikasimama mbele ya safu nikasema mstari ule bila "huenda". Ami yake bwana harusi alikuwepo, aliinamisha kichwa, na baada ya sala alimfuata Bakili uani, mimi nikaona kwa mbali wakishikana mikono. Bakili atamwozesha bintiye kwa mdomo wake mwenyewe. Kama amenisamehe sijui. Amenitumia ujumbe kwamba niende harusini na kwamba atanifuata na mkokoteni, lakini hajasema neno la msamaha, wala sikumwomba alitaje.

Msikitini, hata hivyo, swali la Mauza sikulijibu. Nilikuwa nimelishika mdomoni, nikaona nyuso za wale waliofunga siku ile kwa ajili yangu, wazee wenzangu wachache waliobaki, nikalimeza. Nalijibu hapa, mwambie alipige kama lilivyo.

Sikufunga. Jumatatu ile nilijua kuwa ni Idi na kwamba kufunga ni haramu, na Mungu nilimwogopa, ila watu niliwaogopa zaidi. Nilifunga mlango kwa komeo, nikala tende saba na kikombe cha maziwa, nikasukutua, nikapangusa ndevu, nikaenda barazani kuketi pamoja na waliofunga. Hawakukawia kumleta. Na niliposimama nikamwambia Bakili mbele ya watu wote kwamba Mungu anamwona, ladha ya tende ilikuwa bado mdomoni mwangu.